Muacheni mgonjwa amalize kuongea

Haya ni maneno niliyosema mbele ya madaktari, manesi na wanafunzi wa vyuo vya afya hapa Mbeya mjini. Wenzangu wa kikundi wameniomba niyaandike ili na wale ambao hawakufika wayasome, kwahiyo nimeyaweka karibu sana na nilivyoyasema, pale nilipojirudia tu ndo nimepunguza.

Wakubwa zangu shikamooni. Wanangu mnaosoma, hamjambo? Waliotoka Iringa na Njombe kamwene, na watu wangu wa Tukuyu ugonile. Asanteni kwa kunikaribisha, maana sio mara nyingi mgonjwa anapewa kipaza sauti mbele ya madaktari.

Nimeambiwa niseme wagonjwa tunathamini nini kwa daktari. Mimi sijasomea afya, nimefundisha shule ya msingi mpaka nimestaafu, kisukari naishi nacho miaka mingi na sa hivi wenzangu wamenipa kazi ya kusimamia kikundi chetu cha watu wa sukari na presha kule Uyole. Kwahiyo mengi ninayoyasema hapa nimeyasikia kwenye benchi la kusubiria na ndani ya hiace wakati wa kurudi nyumbani, maana kwenye hiace ndo mgonjwa anasema ya moyoni, kule hospitali akiulizwa umeridhika na huduma anajibu nimeridhika sana dokta, Mungu akubariki. Mengine nimesomewa na kijana wangu aliyeko chuoni, tafiti za watu waliokaa wakayapima mambo haya kwa saa, nitazitaja tukifika huko.

Jibu langu ni fupi alafu nitalieleza kwa urefu. Kitu cha kwanza mgonjwa anachokithamini ni kuachwa amalize kuongea. Vigae vizuri, vitanda vipya, tunafurahi tukiviona. Dawa zikikosekana dirishani unaandikiwa ukanunue duka la nje, utahangaika lakini utazipata. Ila daktari akikukatisha ukatoka chumbani hujasema kilichokuleta, hicho hukipati popote, unarudi nacho nyumbani kama ulivyokuja nacho.

Ngoja niwaeleze ya mama mmoja mwenzetu. Anatoka juu Umalila, siku ya kliniki anaamka saa tisa usiku, na ile baridi ya mwezi wa saba mnaijua, anatembea gizani mpaka Ilembo apate gari la kushuka Mbalizi, alafu apande jingine la kuja mjini. Njia nzima anapanga maneno. Nitaanza na kichwa, nitasema na usingizi siupati, alafu nitasema lile la miguu. Lile la miguu ndo kubwa. Tangu aanzishiwe dawa mpya ya presha miguu inavimba, ikifika jioni viatu vinakataa kuingia, majirani wakamwambia hizo dawa zinakuua figo, akaziacha. Vidonge vyote amevifunga kwenye ncha ya kanga amekuja navyo ili amuonyeshe daktari. Anaingia, anakaa, anasema kichwa kinaniuma dokta, na daktari hapo hapo kashaanza kuandika. Kinauma tangu lini, anajibu. Presha inapimwa iko juu sana, anaambiwa mama naona dawa hazitoshi tunakuongezea nyingine, pita maabara alafu uende dirishani, haya mwingine aingie. Katoka na karatasi ya dawa mpya, na zile za zamani bado ziko kwenye kanga, fundo hata hajalifungua.

Presha ilikuwa juu kwa sababu dawa alikuwa hanywi. Na dawa yenyewe ilikuwa amlodipini, nyie mnajua kuliko mimi kwamba kuna watu inawavimbisha miguu, kwamba huko kuvimba kwa dawa sio figo kufa, na kwamba daktari anaweza kupunguza dozi au kumbadilishia. Sasa yeye akaongezewa dawa juu ya dawa ambayo hainywi, hela ya kuuza viazi ikaishia pale, na akapanda gari la kurudi Ilembo akiamini zaidi kuliko mwanzo kwamba hospitali wanaharibu figo za watu.

Mtaniuliza kwa nini asianze na la miguu basi. Ndivyo tulivyolelewa. Huku kwetu huingii nyumbani kwa mtu ukaanza na shida iliyokuleta, unasalimia, unaulizwa habari za huko, unasema nzuri hata kama juzi mmezika, mnaongea mvua, mnaongea mahindi, mbolea imepanda, na polepole ndo unafika kwenye jambo lenyewe, tena mara nyingi unalisema ukiwa umeshasimama unataka kuaga. Mzee wa Kihehe au bibi wa Kisafwa akikaa mbele yako, wewe ni umri wa mjukuu wake, na tatizo lake ni la mkojo au la unyumba, hawezi kabisa kuanza nalo. Kichwa kinauma ni hodi tu, mwenye shida bado yuko mlangoni. Sasa nyie mnaitibu hodi.

Na jambo hili halipo huku kwetu peke yake. Mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani, Howard Beckman na Richard Frankel, walichunguza mazungumzo 74 ya madaktari na wagonjwa wao, wakakuta mgonjwa anakatishwa baada ya wastani wa sekunde 18, na katika mazungumzo yote hayo 74 ni 17 tu ambayo mgonjwa aliachwa akamaliza maelezo yake ya mwanzo. Sekunde 18 mtu wa Makete au wa Ileje hajamaliza hata habari za nyumbani.

Alafu kuna wenzao wa Basel kule Uswisi, matokeo yao yalitoka 2002. Wao waliwaambia madaktari tulieni, muacheni mgonjwa aongee mpaka mwenyewe aseme basi, tupime muda. Wagonjwa walikuwa zaidi ya 300. Wastani wao ulikuwa sekunde 92, na karibu wanane kati ya kumi walimaliza ndani ya dakika mbili. Dakika mbili! Hofu yote ile ya kwamba nikimuacha huyu mama atakaa mpaka jioni, kumbe wengi wanahitaji dakika mbili.

Na msizihesabu hizo dakika kama wema mnaomfanyia mgonjwa, hapo uchunguzi ndo umeanza. Uingereza mwaka 1975 daktari Hampton na wenzake waliwafuatilia wagonjwa wapya 80 wa kliniki, na kwa 66 kati yao daktari alishapata jibu la ugonjwa kwa kusoma barua ya rufaa na kumsikiliza mgonjwa, kabla ya kumpima mwili na kabla ya maabara. Nakubali tangu wakati huo vipimo vimeongezeka sana na vimeokoa watu wengi. Ila niambieni ni kipimo gani kingemuonyesha daktari kwamba dawa ziko kwenye kanga.

Najua mnachowaza, huyu mama haijui foleni ya Jumatatu. Naijua, maana nakaa ndani yake. Nimeona daktari anaingia chumbani saa mbili asubuhi na saa nane mchana hajanywa hata maji, watu wamejaa mpaka nje wengine wamekaa kwenye nyasi, na jioni huyo huyo ana zamu wodini. Mko wachache na kazi ni nyingi, hilo sisi wagonjwa tunalisema kila tukikutana na viongozi, tutaendelea kulisema. Lakini kuna mambo ambayo hayaongezi hata dakika na yanambadilisha mgonjwa kabisa.

Kukaa, kwa mfano. Hospitali moja ya Kansas Marekani walifanya utafiti ukatoka 2012, wagonjwa waliotoka kwenye upasuaji wa mgongo walitembelewa kitandani, kwa wengine daktari alisimama, kwa wengine akakaa. Muda aliokaa nao haukupishana sana, lakini wale aliokaa chini walipoulizwa walisema alikaa nao muda mrefu kuliko walivyosema wale aliosimamia. Sasa angalieni raundi zetu za asubuhi, watu saba wanamzunguka mgonjwa mmoja wote wamesimama, wanaongea Kiingereza juu ya kichwa chake, wanacheka kidogo jambo lao, wanahamia kitanda kingine, na yule bibi anamuuliza jirani wamesema ninakufa? Kaeni jamani. Kama hakuna kigoda kitafutwe, ni kitu cha fundi seremala yeyote pale Mwanjelwa, haihitaji mradi wala mfadhili.

Na majina. Kulikuwa na daktari wa wazee Uingereza anaitwa Kate Granger, akapata saratani akiwa bado kijana kabisa. Agosti 2013 alikuwa amelazwa, akaona watu wanakuja wanamhudumia wanaondoka na wengi hawamwambii hata jina, yeye daktari mwenzao! Akaanzisha kampeni ya kuwaomba watumishi wa afya wajitambulishe kwa mgonjwa kabla ya kufanya chochote, ikaenea hospitali nyingi za Uingereza na nchi nyingine. Alifariki Julai 2016, kampeni ikabaki. Huku kwetu daktari hatumjui kwa jina, tunamjua kwa chumba, unasikia mtu anasema mimi nilitibiwa na yule wa chumba namba nne. Ukirudi mwezi ujao namba nne yuko mwingine na habari yako unaianza upya. Ukisema shikamoo bibi, mimi naitwa daktari fulani, nitakuona leo, umetumia sekunde ngapi? Na bibi akisharudisha marahaba mjukuu wangu, tayari ameanza kufunguka. Kama unajua salamu ya kwao ndo kabisa.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma kuliko yote, nalo ni kufokewa.

Mtu anakuja na kidonda cha mguu cha kisukari, kimeoza, anaulizwa kwa sauti ambayo foleni nzima inasikia, ulikuwa wapi siku zote hizi, unataka tukukate mguu? Alikuwa wapi. Alikuwa anasubiri mahindi yanunuliwe apate nauli. Alikuwa anamsubiri mume aliyeko Chunya kwenye dhahabu atume hela. Alikuwa anapaka majani aliyopewa na shangazi yake sababu shangazi anapatikana bila foleni na hafoki. Akishafokewa mara moja, siku nyingine atachelewa zaidi, na akija yale majani hatayataja. Sasa anakunywa dawa ya kienyeji kimya kimya na wewe unamwandikia yako juu yake, hapo nani anajua kinachoendelea ndani ya huo mwili? Wote wawili mko gizani, na aliyezima taa ni ile sauti ya kwanza.

Kwa akina mama wanaojifungua ndo usiseme. Kuna watafiti walienda Kasulu, Kigoma, matokeo yakatoka 2009, waliwauliza wanawake zaidi ya 1,200 waliokuwa wamejifungua wachague wangependa kujifungulia kituo cha namba gani, wakawawekea mambo tofauti, umbali, gharama, aina ya mtoa huduma, dawa na vifaa, na kama mhudumu ana heshima au hana. Vilivyobeba uzito kuliko vyote vilikuwa viwili, heshima ya mhudumu na kuwepo kwa dawa na vifaa. Umbali ukaja nyuma. Nataka hili viongozi wa afya waliopo hapa walishike, maana tukijenga zahanati mpya tunasema tumesogeza huduma, ni kweli tumesogeza, lakini mama atapita mbele ya zahanati mpya yenye mdomo mkali aende mbali kwenye watu wanaomuita mama. Au abaki nyumbani kwa mkunga wa jadi, na damu ikimtoka nyingi hapo hatuna cha kumsaidia.

Utafiti mwingine ulifanyika Tanga, wilaya za Korogwe na Muheza, ukatoka 2014. Wanawake walioulizwa wakati wanatoka kituoni na watoto wao, kama 19 katika kila 100 walisema walidharauliwa au walitendewa vibaya. Baadaye wengine wakafuatwa nyumbani wiki kadhaa zimepita, wakaulizwa tena, ikafika 28 katika kila 100. Hiyo ndo habari ya hiace niliyowaambia. Mtu akiwa mikononi mwenu anasifia, na mtoto wake bado mnaye nyie, atasema nini? Akishafika kwake, chai mkononi, mlango umefungwa, anasema. Kwahiyo mganga mfawidhi ukifungua sanduku la maoni ukakuta karatasi zote zinasema huduma nzuri, usitulie, tuma mtu aende kuuliza mitaani.

Kuhusu kuelezwa dawa nitakaa kidogo hapa maana kwenye kikundi ndo tunapoangukia wengi.

Unatoka dirishani na kibahasha kimeandikwa 1x3. Kwa nyie imeisha hiyo. Mwenzetu mmoja alikuwa anameza vyote vitatu kwa pamoja asubuhi kabla ya kwenda shamba, sababu mchana hayupo nyumbani na jioni anarudi amechoka anasahau, akaona hesabu ni ile ile, vitatu kwa siku. Hakuna aliyemwambia kwa nini vinaachanishwa. Mwingine alipewa metfomini, dawa ya sukari, ikamvuruga tumbo wiki nzima, akasema hii sumu, akatupa. Angeambiwa mapema kwamba tumbo linaweza kusumbua siku za mwanzo na ameze pamoja na chakula, angevumilia, wengi kwenye kikundi tuliambiwa hivyo na tumevumilia. Mwingine alikuwa kwenye kaptopri, dawa ya presha ambayo kuna watu inawakohoza, akapata kikohozi kikavu hakiishi, familia ikaanza kumtenga wakidhani ni TB, amepima makohozi hana kitu, kanunua dawa za kikohozi mpaka kachoka, hadi tabibu mmoja kijana wa zahanati akamuuliza baba unakunywa dawa gani za presha? Dawa ikabadilishwa na baada ya muda kikohozi kikaisha. Yule baba mpaka leo anamuombea yule kijana kanisani kwa jina. Kwa jina kabisa, maana aliambiwa jina lake.

Na hao wa TB wenyewe, dawa yao moja, rifampisini, inabadilisha rangi ya mkojo unakuwa wa chungwa mpaka karibu na nyekundu, rangi hiyo haina madhara, lakini mtu asiyeambiwa akiona hivyo asubuhi anajua anakojoa damu. Dawa za miezi sita, anaacha wiki ya kwanza kwa hofu, alafu kwenye faili anaandikwa mtoro.

Mimi nimekuwa mwalimu, nawapa jambo moja la darasani. Ukimuuliza mtoto umeelewa, atasema ndiyo mwalimu, darasa zima litasema ndiyoo. Haina maana yoyote hiyo. Mwambie njoo ubaoni utuonyeshe. Na mgonjwa hivyo hivyo, usimuulize umeelewa mama, mwambie hebu mama nieleze ukifika nyumbani utazinywaje hizi, saa ngapi, na ukisahau utafanyaje. Hapo utayasikia mambo. Na kama amekosea usimcheke, mweleze tena kwa njia nyingine, kosa ni la maelezo.

Kuna na siri. Mkoa wa Njombe maambukizi ya VVU kwa watu wazima ni asilimia 12.7, Iringa 11.1, hapa Mbeya 9.6, wakati nchi nzima ni 4.4, ndo takwimu za utafiti wa kitaifa wa 2022/2023, na Njombe ndo ya kwanza Tanzania nzima. Maana yake kwenye kila foleni ya kanda hii kuna watu wengi wenye jambo ambalo hawataki jirani alisikie. Sasa mlango uko wazi, mgonjwa anayefuata ameshaweka mguu mmoja ndani, na daktari anauliza kwa sauti, dawa za kufubaza unakunywa vizuri? Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya mgonjwa, sheria ipo, lakini sheria haiwezi kufunga mlango, mlango unafungwa na mkono wa mtu. Kuna watu wanavuka wilaya nzima kwenda kuchukua dawa mahali ambapo hawajulikani, nauli ikikosekana mwezi mmoja dawa zimekatika. Pazia la kitenge na mlango uliofungwa ni sehemu ya dozi.

Kompyuta nitaipitia haraka. Tunajua mnatakiwa kujaza humo na inasaidia, faili halipotei tena. Tunachoomba ni mtuangalie kwanza, alafu mwambie mgonjwa sasa naandika uliyoniambia, basi, atasubiri kwa amani kabisa.

Na kumgusa mgonjwa. Malalamiko nayosikia sana kwa wazee ni daktari hajanigusa. Anasema tumbo linauma, hajalazwa kitandani, hajabonyezwa, kaandikiwa vipimo kaenda. Mzee anaona hajatibiwa, na mimi naona yuko sahihi.

Kuna dhana kwamba mgonjwa hajui huduma nzuri, anataka tu achekewe na apewe dawa nyingi na sindano. Watafiti Kenneth Leonard na Melkiory Masatu walifanya kazi mkoani Arusha, wakakaa na madaktari vyumbani wakiangalia, wakakuta daktari akijua anaangaliwa anauliza maswali zaidi, anapima zaidi, kazi inakuwa nzuri, alafu akishazoea kuangaliwa anarudi kwenye kawaida yake. Na wagonjwa walipoulizwa, kuridhika kwao nako kulipanda pale kazi ilipokuwa nzuri. Wagonjwa hawakuambiwa, waliona wenyewe. Na mimi kilichonigusa pale ni kwamba uwezo daktari anao tayari, hajaenda kusoma kozi mpya kati ya siku ile na ile nyingine. Wasimamizi mliopo hapa, kaeni humo vyumbani na vijana wenu mara kwa mara, sio kuwakamata, kukaa nao tu.

La mwisho kabla ya maswali ni kuambiwa ukweli. Ugonjwa ukiwa mkubwa ndugu wanaitwa pembeni, wanaambiwa wao, mgonjwa mwenyewe anaambiwa utapona baba. Najua ni desturi na ndugu wenyewe wanaomba iwe hivyo. Lakini nimekaa na watu siku zao za mwisho, walikuwa wanajua, na walikuwa na mashamba ya kugawa na watu wa kupatana nao, na kila mtu aliyeingia alikuwa anawaambia utapona. Muulizeni mgonjwa mwenyewe kwanza anataka kujua kiasi gani na nani awepo, alafu fuateni alivyosema.

Baada ya hapo waliuliza maswali. Binti mmoja wa mwaka wa nne akauliza, mama, kuna mgonjwa akianza kuongea haachi na nje kumejaa, nifanyeje? Nikamwambia mwanangu, muulize mwanzoni kabisa, bibi nitajie yote yaliyokuleta leo, alafu hesabu nae, haya ni manne, leo tuanze na yapi mawili? Atachagua mwenyewe na mengine umpe tarehe. Anayeongea bila kuacha mara nyingi ni yule ambaye safari tatu zilizopita hakusikilizwa, amekuja na deni.

Daktari mmoja mtu mzima akauliza na nyie wagonjwa mtafanya nini upande wenu. Swali zuri. Kwenye kikundi tumekubaliana kila mtu aende kliniki na dawa zake zote, za hospitali na za kienyeji, aziweke mezani akishakaa, na jambo kubwa alisome kwanza kwenye daftari kabla ya kichwa na usingizi. Wazee wanaona ni utovu wa adabu, tunawazoesha taratibu.

Na wanafunzi wanaotaka kutusikiliza bila foleni, tunakutana Uyole Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi saa tisa alasiri. Njooni bila makoti meupe, chai ipo, viazi vipo, kaeni benchi moja na sisi muulize mnachotaka. Ndaga fijo.